Gego la Mwisho Likikwama: Njia za Matibabu kwa Mwenye Mfuko Mdogo

Maumivu ya gego la mwisho yana tabia ya kuja na kuondoka. Huanza usiku, nyuma kabisa ya taya la chini. Ufizi huvimba, kutafuna chapati kunakuwa kazi, na asubuhi mgonjwa hupitia duka la dawa lililo karibu na steji, hununua vidonge vya siku tatu, na kufikia Ijumaa amekwisha kusahau. Baada ya miezi miwili maumivu yanarudi, naye anarudi dukani. Kuna wakazi wa Kangemi, Kawangware, Kibra na Dagoretti, na hata wa Westlands na Lavington, ambao wameishi na mzunguko huu kwa miaka kadhaa. Ukiuliza kwa nini, jibu huwa moja: tiba ni upasuaji, na pesa za upasuaji hazipo.

Jibu hilo lina makosa mawili. Meno mengi yaliyokwama hayahitaji kupasuliwa. Na yale yanayohitaji, mengi hutolewa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa amekaa kwenye kiti, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kinachommaliza mtu pesa ni kutojua yuko upande gani, akaendelea kununua dawa za jino ambalo dawa haiwezi kulitibu.

Kwa nini jino hukwama

Mtu mzima mwenye meno yote huwa na 32. Manne ya mwisho, moja katika kila pembe ya kinywa, hutokea kati ya umri wa miaka 17 na 25, na kwa sababu hiyo wengi huyaita meno ya hekima. Wapo wasioota hata moja, na huo si ugonjwa. Kwa kuwa huchelewa hivyo, mara nyingi hukuta taya limejaa. Jino likikosa nafasi hubaki ndani ya mfupa, au huchomoza nusu likasimama hapo, au hulala kwa ubavu likielekea gego la jirani. Hilo ndilo jino lililokwama, na hutokea zaidi kwenye taya la chini.

Lililozikwa kabisa ndani ya mfupa mara nyingi hukaa kimya. Msumbufu ni lile lililotoka nusu. Juu yake hubaki kipande cha ufizi kama kifuniko, na chini ya kifuniko hicho huingia makombo ya ugali, nyuzi za nyama na vipande vya sukuma wiki, mahali ambapo mswaki haufiki. Vijidudu huzaana, ufizi huvimba, kisha gego la juu huuma uvimbe huo kila mara mtu anapofunga kinywa. Makombo yakitoka, uvimbe hupungua. Yakiingia tena, uvimbe hurudi. Vidonge vya dukani vinaweza kutuliza maumivu lakini haviwezi kufagia makombo.

Si kila jino lililokwama hung'olewa

Mwaka 2000, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba kwa huduma ya afya ya Uingereza, ilisema madaktari waache kung'oa magego ya mwisho yaliyokwama ambayo hayana ugonjwa wowote. Hapakuwa na ushahidi wa kuaminika kwamba mgonjwa anafaidika, ilhali upasuaji una hatari na gharama zake. Mwongozo huo uliongeza kwamba ufizi kuvimba mara ya kwanza, isipokuwa uvimbe uwe mkali sana, si sababu ya kupasuliwa. Ukivimba mara ya pili au zaidi, hapo upasuaji unafaa kufikiriwa. Madaktari wa Marekani kwa kawaida huwa wepesi zaidi kung'oa mapema, na mjadala kati ya pande hizo mbili bado unaendelea. Kwa mkazi anayehesabu kila shilingi, kanuni ya Uingereza ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo na daktari. Jino lisilo na ugonjwa halina haraka, na anayeshauri yote manne yang'olewe siku moja anapaswa kueleza sababu ya kila moja.

Lakini kuliacha jino si sawa na kulisahau, na hapa ndipo wengi hupata hasara kubwa. Chukua mfano wa kinyozi wa Kawangware mwenye umri wa miaka 28. Gego lake la mwisho la chini limelala kwa ubavu, kichwa chake kikigusa shingo ya gego la pili. Halimuumi. Kati ya meno hayo mawili kuna mfuko mdogo unaoshika chakula kila siku, na mswaki hauingii. Baada ya miaka michache, gego la pili, ambalo ni zima na ndilo analotafunia nyama, linaoza kwa nyuma, chini ya mstari wa ufizi, mahali asipoweza kupaona kwenye kioo. Atakaposikia maumivu, uozo utakuwa umefika kwenye neva. Sasa ana meno mawili ya kushughulikia badala ya moja: la mwisho litolewe, na la pili lisafishwe mizizi na kuvikwa kofia, kazi ambayo kwa kawaida hugharimu zaidi ya kung'oa. Akikosa pesa za kofia, yote mawili yatang'olewa na atabaki akitafuna upande mmoja.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: je, jino hili linagusa gego la pili, na gego la pili lina hali gani? Ikiwa linaligusa na uozo umeanza, kungoja ni ghali kuliko kutoa. Ikiwa haligusi kitu na limefunikwa na mfupa, kuliacha na kulitazama tena kila mwaka au kila miaka miwili ni uamuzi halali wa kitabibu, na ndio wa bei nafuu kuliko yote.

Picha moja kabla ya yote

Hakuna anayeweza kujibu maswali hayo kwa kuchungulia kwa tochi peke yake. Panahitajika eksirei. Ziko za aina mbili ambazo mgonjwa ataambiwa. Moja ni picha ndogo inayowekwa ndani ya kinywa na kuonyesha meno mawili au matatu. Nyingine ni picha pana inayopigwa mgonjwa akiwa amesimama na mashine ikimzunguka kichwa; hii huonyesha taya zote mbili, magego yote manne, na mfereji wa neva inayopita ndani ya taya la chini. Picha ndogo ni ya bei ya chini, lakini kwa gego lililolala au lililozama, picha pana mara nyingi ndiyo inayotosheleza, na huonyesha yote manne kwa malipo ya mara moja.

Picha ya tatu, ile ya kompyuta inayoonyesha jino kutoka kila upande, ni ghali zaidi na haihitajiki kwa kila mtu. Huwa na maana ikiwa picha pana imeonyesha mizizi ikigusana na mfereji wa neva. Mgonjwa akiambiwa aipige kabla hata ya hiyo picha pana, ana haki ya kuuliza sababu.

Picha ikishalipiwa, mgonjwa ana haki ya kuomba nakala. Atakayeihifadhi kwenye simu au kwenye bahasha hatalazimika kuilipia tena akihamia kliniki nyingine, mradi haijapitwa na wakati. Jambo hili linaonekana dogo, lakini katika jiji ambalo mtu anaweza kuulizia bei kliniki tatu mchana mmoja, kupigwa picha tatu za jino moja ni pesa zilizotupwa.

Mahali pa kuanzia

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti, huku Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ikibaki chini ya serikali kuu. Kwa mkazi wa magharibi mwa jiji, mlango wa karibu ni kituo cha afya kama kile cha Westlands, Kangemi, Riruta au Waithaka. Si kila kituo kina chumba cha meno, na penye chumba si kila siku kina mhudumu, kwa hiyo inafaa kuuliza kabla ya kupoteza siku ya kazi. Hata pasipo na chumba cha meno, mhudumu anaweza kumpima mgonjwa, kutambua dalili za hatari na kumwandikia barua ya rufaa.

Katika vyumba vya meno vya umma, anayempokea mgonjwa mara nyingi si daktari wa meno bali afisa wa afya ya kinywa, aliyesomea kazi hiyo katika chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC. Afisa huyu husafisha meno, huziba, na hung'oa meno yasiyo na utata. Gego lililolala ndani ya mfupa humpeleka mbele, na ni vizuri afanye hivyo. Mgonjwa asichukulie rufaa kuwa ni kusukumwa.

Rufaa hiyo kwa upande wa magharibi huelekea Hospitali ya Mbagathi, iliyo kwenye barabara ya Mbagathi karibu na Soko la Kenyatta, au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kule Upper Hill, ambako kuna madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Foleni ni ndefu, na jino lisilo na jipu linaweza kupangiwa tarehe ya mbali. Wakati wa kungoja si bure: mgonjwa anayesafisha vizuri huko nyuma ya kinywa anaweza kuifikia tarehe yake bila maumivu mapya.

Njia nyingine ambayo wakazi wengi hawaifikirii ni hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye barabara ya Argwings Kodhek. Anayetoka katikati ya jiji anaweza kupanda matatu ya 46 ya Kawangware inayopitia Hurlingham. Chuo hiki kimekuwa kikifundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970, na wagonjwa huhudumiwa na wanafunzi walio chini ya usimamizi wa walimu wao. Magego magumu hushughulikiwa na madaktari wanaosomea ubingwa wa upasuaji huo au na walimu wenyewe. Mgonjwa hulipia kwa muda wake: kazi ambayo daktari mzoefu huimaliza kwa haraka, mwanafunzi huifanya taratibu, akisimama kumwita mwalimu aitazame. Asiyeweza kukaa kliniki asubuhi nzima atafute kwingine. Anayeweza atapata tiba inayokaguliwa na macho zaidi ya mawili.

Kliniki za binafsi zimejaa katika majengo ya katikati ya jiji na Westlands, na bei zao hutofautiana sana kwa kazi ileile. Bei ndogo si dalili ya ubaya wala bei kubwa si dalili ya ubora. Cha kwanza kutazama ni leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, ambayo inapaswa kuwa ukutani; jina la daktari pia linaweza kutafutwa kwenye orodha ya baraza hilo mtandaoni. Mtu anayeng'oa meno sokoni au kwenye chumba cha nyuma cha duka bila leseni hana mashine ya kuchemshia vifaa, hana picha ya mizizi, na damu ikikataa kusimama hana la kufanya.

Ngazi za gharama

Bei hubadilika kutoka kituo kimoja hadi kingine, na vituo vya umma hutakiwa kubandika mkataba wa huduma ukutani unaoonyesha kila huduma na malipo yake. Mgonjwa ausome huo kabla ya kufika dirishani. Mpangilio wa gharama, hata hivyo, haubadiliki sana, na ukifahamika humsaidia mtu kuona kwamba kati ya kutofanya lolote na kulazwa hospitalini kuna hatua kadhaa.

Ya chini kabisa ni kuoshwa chini ya kile kifuniko cha ufizi. Mhudumu huingiza maji ya chumvi au dawa ya kuua vijidudu kwa sindano isiyo na ncha kali, huondoa makombo, na kumwonyesha mgonjwa namna ya kusafisha kwa mswaki mdogo wenye kichwa chembamba. Kwa aliyevimba mara ya kwanza, hii pamoja na maji ya chumvi nyumbani mara nyingi hutosha. Kijiko cha chai kisichojaa cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, kusukutua mara kadhaa kwa siku hasa baada ya kula, hakihitaji hata kutoka nyumbani.

Hatua inayofuata ni ya busara na haijulikani vya kutosha. Ikiwa gego la juu ndilo linalouma ufizi uliovimba wa chini, daktari anaweza kung'oa hilo la juu, ambalo mara nyingi limetoka lote na ni rahisi kutoa. Ufizi wa chini hupumzika na kupona, na jino gumu la chini likaachwa lilivyo. Gego la juu lisilo na mwenzake wa kutafuna naye halina kazi kubwa. Kukata kile kifuniko cha ufizi nako kunawezekana, na ni kazi fupi, lakini ufizi mara nyingi hukua tena ikiwa jino halina nafasi ya kutoka. Mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Kisha kuna upasuaji wenyewe. Daktari hufungua ufizi, huchonga mfupa kidogo, hulikata jino vipande na kuvitoa kimoja kimoja, kisha hushona. Tofauti kubwa ya bei haiko kwenye jino, iko kwenye dawa ya kumtuliza mgonjwa. Kwa ganzi ya sindano, panahitajika kiti, daktari na msaidizi. Kwa nusukaputi, panahitajika chumba cha upasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi, vipimo vya damu na kitanda, na bili hupanda mara kadhaa. Wengi hawana haja ya nusukaputi. Inawafaa wenye jino lililozama sana, wenye hofu isiyodhibitika, au wenye ugonjwa unaohitaji uangalizi wa karibu. Pia si lazima magego yote yatolewe pamoja. Kutoa upande mmoja, kupona, kisha kuchanga pesa kwa ajili ya upande wa pili ni mpango wa kawaida, na huacha upande mmoja wa kutafunia.

Hatari moja lazima itajwe. Neva inayopita chini ya mizizi ndiyo inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu, na nyingine iliyo karibu huhudumia ulimi. Ikiguswa, sehemu hizo zinaweza kufa ganzi kwa wiki au miezi. Wanaobaki hivyo daima ni wachache, kwa kawaida chini ya mtu 1 kati ya 100. Picha ikionyesha mizizi imekumbatia neva, daktari anaweza kukata kichwa cha jino tu na kuacha mizizi ndani ya mfupa. Umri nao una neno: kabla ya miaka 25 hivi mfupa ni laini na mizizi mara nyingi ni mifupi, hivyo kazi ni nyepesi na kupona ni haraka. Mwenye jino ambalo tayari limeanza kusumbua akiwa na miaka 22 hafaidiki kwa kungoja afike 40.

Chonge lililokwama ni hesabu nyingine. Kulivuta hadi mahali pake huhitaji ufizi ufunguliwe, jino lifungwe waya, na miezi mingi ya kurudi kliniki, na gharama yake iko nje ya uwezo wa wengi. Kwa mtu mzima asiye na maumivu, kuliacha ndani na kulipiga picha mara moja moja ni chaguo linalokubalika, hasa ikiwa chonge la utotoni bado limeshika imara mahali pake. Wazazi wa watoto wachanga nao wana jambo la kusikia hapa. Katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, mtoto akiharisha au kupata homa, uvimbe mweupe kwenye ufizi huitwa meno ya plastiki na huchimbwa kwa kisu au waya. Uvimbe huo ni chonge la utotoni linalojiandaa kutoka. Kulichimba huweza kuharibu chonge la ukubwani lililo chini yake, likatoka limepinda, likakwama au lisitoke kabisa, mbali na hatari ya damu na maambukizi kwa mtoto ambaye shida yake ilikuwa tumbo.

SHA na malipo

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 badala ya NHIF. Aliyejisajili hupata huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 bila kulipa dirishani. Huduma za hospitali kubwa hutegemea michango: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara hupimwa kipato cha kaya yake, kiwango cha chini kabisa kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#. Kwa mwenye gego linalosumbua, maana yake ni kwamba hatua ya kwanza, ya kuonana na mhudumu katika kituo cha afya na kuandikiwa rufaa, haipaswi kumgharimu zaidi ya nauli ikiwa amesajiliwa.

Kwa upasuaji wenyewe, maswali mawili yaulizwe dirishani kabla ya kukaa kwenye kiti: je, kazi hii inalipiwa na SHA katika hospitali hii, na nini kitabaki kwa mgonjwa? Kisha aombe hesabu yote kwa maandishi: kuonana na daktari, picha, ganzi, upasuaji, dawa, na kurudi kuangaliwa. Kliniki inayotaja bei ya kung'oa peke yake inaweza kuwa ghali kuliko iliyotaja bei kubwa yenye kila kitu ndani. Malipo ya kituo cha umma yapitie namba rasmi ya malipo iliyobandikwa, na risiti itolewe. Asiyeweza kabisa kulipa katika hospitali ya umma amwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo kabla ya matibabu. Ndiye anayechunguza hali ya mgonjwa na kupendekeza msamaha au malipo ya awamu, na kazi yake huwa ngumu zaidi bili ikishafika.

Duka la dawa

Mfamasia mwenye leseni ni msaada mzuri wa usiku mmoja. Tafiti za maumivu ya baada ya kutolewa magego ya mwisho zimeonyesha kwamba ibuprofen ya miligramu 400 pamoja na parasetamoli ya gramu 1 hutuliza kuliko kila moja peke yake, na zote ni za bei nafuu. Parasetamoli isizidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Ibuprofen haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au mjamzito, na mwenye pumu amuulize mfamasia kwanza. Kuweka aspirini juu ya ufizi huunguza ufizi na hakutulizi jino.

Antibayotiki ni jambo jingine. Zinahitajika maambukizi yanapoanza kusambaa: homa, uvimbe unaopanda shavuni, kinywa kinachokataa kufunguka. Kwa uvimbe mdogo wa ufizi hazina kazi kubwa, na dozi nusunusu za kila mwezi huwafundisha vijidudu kuishi nazo, hadi siku ya haja ya kweli dawa ikataa kufanya kazi. Mtu aliyenunua antibayotiki mara nne kwa mwaka kwa ajili ya jino moja azijumlishe risiti hizo, aongeze siku alizoshindwa kwenda kazini, kisha alinganishe na bei iliyobandikwa ukutani Mbagathi.

Kuna dalili ambazo hazingoji foleni, rufaa wala mwisho wa mwezi. Uvimbe ukishuka chini ya taya na shingoni, ulimi ukiinuliwa, mate yakishindwa kumezwa, sauti ikibadilika au pumzi ikiwa ngumu, maambukizi yanaelekea kuziba njia ya hewa, na mtu anaweza kufa kwa saa chache. Mgonjwa wa namna hii apelekwe mara moja kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, ya umma au ya binafsi. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inafanya kumnyima kuwa kosa. Anayesindikiza mgonjwa ataje maneno hayo akiulizwa amana kwanza.

Kabla na baada ya siku ya jino

Mwenye kisukari, shinikizo la damu, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu amwambie daktari mapema, na asiache dawa zake kwa uamuzi wake. Mjamzito naye aseme. Miezi ya kati ya ujauzito ndiyo mizuri kwa kazi ya meno, ingawa jipu hutibiwa mwezi wowote. Isipokuwa kwa nusukaputi, mgonjwa ale kabla ya kwenda.

Baada ya jino kutoka, kitambaa cha shashi hung'atwa kwa nusu saa hivi bila kukitoa kuchungulia. Saa 24 za kwanza hakuna kusukutua, kutema kwa nguvu, kunywa kwa mrija, pombe wala sigara, kwa sababu donge la damu lililoziba tundu ndilo bandeji ya mfupa. Kuanzia siku ya pili, maji ya chumvi ya uvuguvugu baada ya kila mlo. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Uji, viazi vilivyopondwa na ndizi laini hutosha kwa siku hizo. Maumivu yakipungua kisha yakarudi makali kati ya siku ya pili na ya nne, yakipanda hadi sikioni na kinywa kikinuka, donge limetoka na tundu limebaki wazi. Wavutaji sigara hupatwa zaidi. Tiba yake ni kurudi palepale tundu lioshwe na kuwekwa dawa, kazi ya dakika chache, na ndiyo sababu ya kuuliza mapema kama kurudi kumehesabiwa ndani ya bei.

Aliyeajiriwa asisahau karatasi moja kabla ya kutoka kliniki. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo kazini anastahili angalau siku 7 za ugonjwa zenye malipo kamili na nyingine 7 zenye nusu malipo katika kila miezi 12, akionyesha cheti cha daktari. Cheti hicho huombwa siku hiyohiyo, pamoja na nakala ya picha na risiti.